Malipo ya Mwalimu ni Kimya

Jumatatu, 6 Mei

Shajara hii nimepewa bure na muuzaji wa poda na mafuta ya nywele. Aliyenishauri kuandika ni Mama Kasuku, mke wangu. Amesema maneno yanayobaki saluni nisimletee nyumbani, niyamwage humu, maana karatasi haichoki kusikiliza. Ushauri ni mzuri, ingawa umetolewa kwa dharau.

Haya, tuanze. Mimi ni kinyozi. Saluni yetu ina viti viwili, kimoja changu na kingine cha mwenzangu, ambaye watu wote wanamwita Jemadari kwa sababu ya nywele zake. Amezifuga juu, amezichonga pembeni, anazipitia kitana kila baada ya mteja. Jumatatu tunafunga.

Binti yetu ni Kasuku. Tangu alipojua kusema hakunyamaza, na kila mtu anajua kamrithi nani. Lakini tangu muhula uliopita kasuku wangu ameishiwa maneno. Ukimsemesha ni "ndiyo", "hapana", "nimeshiba".

Leo shule zimefunguliwa, ndipo nimejua kisa. Mwalimu wao wa kompyuta aliondoka, kapata kazi kwenye kampuni. Somo kapewa mwalimu wa historia, mtu mwema sana, anayesoma kitabu kwa sauti mpaka kengele ilie. Kasuku alipata thelathini na moja kwa mia. Sasa mkuu wa shule amesema mwisho wa muhula kutakuwa na mtihani na kazi ya vitendo, na atakuja mwalimu wa shule nyingine kusahihisha. Atakayepata chini ya hamsini anaondolewa darasa la kompyuta, anapelekwa somo lingine.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka kubaki, Baba. Ni kitu pekee ninachokipenda pale shuleni." Halafu akalia.

Binti yangu si wa kulia ovyo. Nimeapa mwalimu wa ziada atapatikana. Mimi ninayenyoa nusu ya mji, nikose mwalimu mmoja?

Jumanne, 7 Mei

Nimewatangazia wateja wote. Kila mmoja anamjua mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimebuni njia yangu ya kuwapima. Anayetaka kumfundisha binti yangu namnyoa bure kwanza. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni hana pa kukimbilia, na mashine ikiwa nyuma ya sikio hawezi kujifaragua. Jemadari amesema hiyo ni njia ya polisi. Nimemwambia akachane nywele zake.

Ijumaa, 10 Mei

Fundi simu wa mtaa wa pili amekuja. Kitini alikuwa mpole, akajibu vizuri, nikampeleka nyumbani kifua mbele. Kasuku akamwonyesha swali lililomshinda: anaandika programu ya kuhesabu, inagoma. Fundi akaitazama laptopu, akaitikisa, akatoa bisibisi. Kabla sijasema neno alikuwa ameifungua matumbo nje.

"Tatizo ni vumbi," akasema.

Akafuta vumbi, akafunga. Ikabaki skrubu moja mezani.

"Hii?" akauliza Mama Kasuku.

"Hiyo imezidi," akajibu, akaaga.

Laptopu inawaka. Swali liko palepale.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua tangu asubuhi. Bibi Kimya amekuja. Huyu ni mteja wangu wa kila wiki mbili, mwanamke wa makamo, ananyoa nywele zote chini kabisa. Hajawahi kusema zaidi ya "shika pesa zako" na "asante". Mimi namhurumia, naona labda hana wa kuzungumza naye, kwa hiyo huwa nazungumza kwa niaba ya wote wawili. Leo nimemsimulia habari ya fundi simu toka mwanzo mpaka skrubu.

Jumatano, 15 Mei

Mvua. Mchapaji wa duka la kudurufu kaja kunyolewa. Vidole vyake vina kasi ya ajabu, anachapa barua bila kutazama. Kuhusu programu hajui lolote. Nimemnyoa bure kwa hasara.

Jumapili, 19 Mei

Nimempata! Kijana wa chuo kikuu, anasomea kompyuta, mwaka wa tatu. Nimempa jina la Profesa. Kwenye kiti aliongea kuanzia paji la uso mpaka kisogo bila kuvuta pumzi. Nilijisikia kama najisikiliza mwenyewe. Kesho anaanza.

Jumatatu, 20 Mei

Profesa kafundisha saa mbili. Mimi nilikaa sebuleni pamoja nao, nikafurahi mno. Maneno yalikuwa yanamiminika, mikono inapepea, mara kasimama, mara kaketi. Alipoondoka nikampa mkono wa pongezi.

"Umemwonaje?" nikamuuliza Kasuku.

"Anajua mambo mengi."

"Si ndiyo!"

"Hajaniuliza hata swali moja, Baba."

Nimemwambia ampe nafasi. Mama Kasuku alikuwa anakunja nguo, akasema bila kugeuka, "Wewe umempenda kwa sababu anaongea kama wewe." Nimeona nisijibu, nije niandike.

Jumamosi, 25 Mei

Bibi Kimya. Nimemsifia Profesa mpaka mashine ikapata moto. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza nikamwambia, "Ngoja kidogo mama, nafika." Mara ya pili nikamgeuza kichwa nimalizie upande wa pili. Sijui alitaka kusema nini. Huenda kitambaa kilikuwa kinambana.

Alhamisi, 30 Mei

Jaribio la darasani. Kasuku kapata ishirini na nane. Ameshuka! Profesa anasema tatizo ni msingi, na msingi si kazi yake. Nimemwambia basi na nywele zake si kazi yangu tena.

Jumapili, 2 Juni

Mvua. Kasuku ameuliza kama ni kweli somo la jiografia ni rahisi. Kauliza taratibu, huku anakwangua chungu.

Jumatano, 5 Juni

Umeme unakatika mara tatu kwa siku. Hakuna mwalimu. Sina la kuandika, na hilo halijawahi kunitokea.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nina mengi, kaeni mkao wa kusoma, ingawa hakuna atakayesoma.

Kasuku alikuja saluni mchana kwa sababu nyumbani hakukuwa na umeme. Akaketi kwenye benchi la wateja na karatasi zake. Bibi Kimya akaingia, nikamfunga kitambaa, nikaanza. Nilikuwa namweleza jinsi nilivyokata tamaa na walimu wa mji huu. Nimefika katikati ya kichwa, puu, umeme ukaenda. Nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Jenereta likawashwa, likakohoa, likazima. Petroli imeisha.

Jemadari alikuwa ametoka kula. Nikamwomba Bibi Kimya radhi, nikachukua dumu, nikakimbia kituo cha mafuta kwenye mvua. Foleni huko ilikuwa ya kutisha, kila mwenye jenereta yuko pale.

Niliporudi nimelowa chepechepe, nikasikia sauti ndani. Nikasimama mlangoni. Ilikuwa sauti ya Kasuku, na ilikuwa inakwenda mbio kama zamani.

"Kwa hiyo hapa naiambia ihesabu, lakini sijaiambia ianzie wapi!"

"Ehee," akasema Bibi Kimya. "Sasa wewe ungekuwa ndiyo mashine, ungeanzia wapi?"

"Ningechanganyikiwa!"

"Na yenyewe imechanganyikiwa. Usiichukie, haina kosa."

Wakacheka, wote wawili. Yule mwanamke ameketi kwenye benchi na kitambaa changu shingoni, nusu kipara, anachora visanduku kwenye karatasi ya binti yangu. Nitasema ukweli: wivu ulinichoma kwanza. Miezi mingapi namsemesha huyu mtoto na haniongeleshi hivyo! Furaha ilikuja ya pili, lakini ilipokuja ilijaa mlango mzima.

"Kumbe mama unajua kompyuta?"

"Naandika programu za hospitali. Za kupanga wagonjwa, nani aingie kwa daktari gani, saa ngapi. Miaka kumi na nane sasa."

Jamani. Mimi ndiye ninayejigamba kwamba kwenye kiti changu siri zote zinatoka.

"Mbona hukusema?"

"Nilijaribu," akasema. "Ukaniambia ningoje, unafika."

Kasuku akaficha uso kwenye karatasi. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Nikamwuliza kama atakubali kumfundisha, na malipo yake ni kiasi gani. Akafikiri, huku anajipapasa ule upande wenye nywele.

"Jumatatu jioni nitakuja hapahapa, mkiwa mmefunga. Pesa sitaki. Mimi kazini kwangu simu inalia kutwa, kila mtu analalamika. Nakuja kunyoa ili kichwa kipumzike. Nataka ukiwa unaninyoa, usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Chochote."

Nikatazama huku na huku kutafuta msaada. Kasuku alikuwa ananiangalia kwa macho yale ya utotoni, alipokuwa akitaka kubebwa mabegani. Nikasema sawa.

Nikawasha jenereta, nikamalizia ile nusu ya pili bila neno. Jasho lilinitoka. Nimegundua ana kovu dogo juu ya sikio, na sijui kalipataje, na sikuuliza.

Jumatatu, 10 Juni

Somo la kwanza. Bibi Kimya hakufungua laptopu. Kamwambia Kasuku amweleze namna ya kufunga kamba za viatu, yeye atafuata maneno tu. Dakika kumi baadaye alikuwa amejifunga kiatu kwenye mguu wa kiti. Mwanafunzi hoi kwa kicheko. Mimi nilikuwa nafagia, kimya kabisa, karibu.

Jumatatu, 17 Juni

Somo la pili. Kasuku kaniamkia asubuhi kwa sentensi nzima.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemnyoa Bibi Kimya kwa kimya. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakadhani tumegombana. Mmoja kaniuliza kwa ishara kama nina msiba.

Jumatatu, 24 Juni

Mungu wangu, leo. Leo ningekuwa na uwezo ningeifuta kwenye kalenda.

Ilianza vizuri. Jumapili ijayo Jemadari anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wake. Alikuwa anataka nywele zake zipunguzwe pembeni, kidogo tu, kwa adabu. Bibi Kimya akasema vizuri, hilo ndilo litakuwa somo: Kasuku ataandika hatua za kunyoa, na mimi nitakuwa mashine.

"Mashine haifikiri wala haisemi," akanionya. "Inafuata kilichoandikwa. Utaweza?"

"Huyu?" Jemadari akacheka. "Hatafika hatua ya pili. Nabishana na yeyote."

Maneno hayo yalinikera. Nikaapa mbele yao kwamba nitakuwa mashine kuliko mashine.

Kasuku akaandika. Washa mashine ya kunyolea. Punguza kidogo upande wa kushoto. Punguza kidogo upande wa kulia. Rudia. Bibi Kimya akamwambia ageukie ukutani, kwa sababu mwenye programu hawezi kuishika mashine mkono. Jemadari akafumba macho, na yeye kwenye kiti husinzia papo hapo. Wakati huohuo simu ya hospitali ikaita, Bibi Kimya akatoka nje kuipokea.

Nikaanza. Kushoto kidogo. Kulia kidogo. Nikarudia. Kushoto kidogo, kulia kidogo. Baada ya muda nikaona mambo yanakwenda mbali. Niliona, ndiyo, si kipofu. Lakini niliapa! Karatasi inasema rudia, haisemi vinginevyo, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimeweza kunyamaza. Nikazidi kurudia. Pembeni zikaisha, nikapanda juu, maana huko nako kuna kushoto na kulia.

Bibi Kimya aliporudi alishika kichwa chake mwenyewe. Kasuku akageuka, akapiga ukelele. Jemadari akafumbua macho.

Sitaandika yote aliyoyasema. Alikuwa kipara, anang'aa, masikio yamejitokeza ambayo kwa miaka yote hatukujua ni makubwa kiasi kile. "Jumapili!" alikuwa anarudia. "Jumapili, wewe! Nitaingiaje kwa watu?" Akachukua mkoba wake wa vifaa, mikasi, kitana, kila kitu, akasema mimi na yeye basi. Akaondoka na mvua yote ile bila mwavuli.

Kasuku hakulia mbele ya mwalimu wake. Alifika nyumbani ndipo akalia. "Hata kunyoa siwezi kueleza," akasema. "Nitaelezaje kitu kingine? Mwambie asije tena, Baba. Nitakwenda jiografia." Akafunga mlango.

Nilikaa nje ya mlango huo. Nilikuwa na maneno ya kumfariji ya kujaza gunia, lakini yote yalikuwa yangu, hakuna hata moja lake. Mwishowe nikauliza tu, "Mwanangu, mashine ilikosea wapi?"

Nikangoja. Nawaambia ukweli, sijawahi kungoja hivyo.

"Haikukosea," ikasema sauti nyuma ya mlango.

"Basi aliyekosea nani?"

Halafu nikasikia kiti kinasogezwa, karatasi inachukuliwa. Mlango ukafunguka kidogo.

"Sikuandika mahali pa kusimama," akasema. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa yananiona. "Nilisema irudie, sikusema mpaka lini. Ilitakiwa: rudia mpaka nywele zibaki urefu wa kidole, halafu simama. Baba, ndiyo maana hata programu yangu ile inagoma! Haigomi, inazunguka tu!"

Akakimbilia laptopu. Mama Kasuku akanitazama kutoka jikoni, akaniwekea kipande cha nyama cha ziada.

Alhamisi, 27 Juni

Niko peke yangu. Benchi limejaa, watu wanagombana nani kafika kwanza. Nimempigia Jemadari simu mara kadhaa, hapokei.

Jumamosi, 29 Juni

Wawili wameshikana mashati saluni kwa sababu ya zamu. Kasuku alikuwa hapo, akawatenganisha, akaandika majina yao kwenye karatasi, kila mmoja na dakika za kungoja. Wakatulia kama watoto. Akaniangalia. "Baba," akasema, "nimepata kazi ya vitendo."

Jumatatu, 1 Julai

Bibi Kimya amekuja, hakuacha. Amemwambia Kasuku kwamba hospitalini kwake programu moja iliwahi kumwita mgonjwa yuleyule kutwa nzima, mpaka mzee wa watu akazoeana na daktari. "Kila anayefanya kazi hii ana kipara chake," akasema. Wameanza kupanga programu ya foleni.

Jumanne, 2 Julai

Jemadari karudi! Kaingia na mkoba wake, kipara kimepakwa mafuta, kakunja uso lakini mdomo unamsaliti.

"Mama mkwe kanipenda," akasema.

"Acha!"

"Kasema picha aliyoonyeshwa ilimtia wasiwasi, alidhani mwanawe kaleta mhuni. Kwa kipara hiki kasema naonekana mtu mzima mwenye majukumu." Akaketi kwenye kiti changu. "Haya, ninyoe tena, zimeanza kuota. Na mwambie huyo binti yako aandike hatua mwenyewe."

Tumecheka mpaka mteja akasema anachelewa.

Jumamosi, 6 Julai

Nimemnyoa Bibi Kimya. Nimenyamaza, na sikutoka jasho.

Jumatatu, 15 Julai

Somo la mwisho kabla ya mtihani. Mvua zimekatika. Kasuku hataki niione programu yake. Bibi Kimya naye kaulizwa, katabasamu tu.

Jumatano, 17 Julai

Mtihani. Nimemkata mteja sikio, kidogo. Nimempaka spiriti na kumnyoa bure.

Ijumaa, 26 Julai

Tangu mchana nilikuwa nachungulia nje. Jemadari aliniambia nikae, nawatia wateja hofu. Hatimaye nikamwona Kasuku anakuja mtaani, anatembea, hakimbii. Akaingia, akasalimia watu wote shikamoo mmoja mmoja, taratibu, mpaka nikataka kupasuka.

"Sabini na moja," akasema.

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika hospitalini kwa Bibi Kimya. Jemadari alimnyanyua juu. Mteja wake akasahau kwamba ameachwa kitini nusu kanyolewa, akapiga makofi.

Anabaki. Binti yangu anabaki.

Halafu akafungua laptopu kwenye meza ya poda, akatuonyesha. Unaandika jina lako, unachagua kinyozi, inakuambia utangoja dakika ngapi. Jemadari akajaribu kiti chake: dakika ishirini. Nikajiandika kwenye kiti changu, kichwa kilekile, mtindo uleule: dakika thelathini na tano.

"Imekosea," nikasema. "Mimi nina kasi kuliko yeye!"

"Haijakosea, Baba. Soma."

Nikasoma mstari aliouonyesha kwa kidole. *Kama kinyozi ni Baba, ongeza dakika kumi na tano za maneno.* Chini yake: *Kama mteja ni Bibi Kimya, usiongeze kitu.*

"Yule mwalimu aliyekuja kusahihisha alicheka sana," akasema Kasuku. "Akaniuliza nimejuaje ni kumi na tano. Nikamwambia nilikaa kwenye benchi nikapima. Akasema hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Saluni nzima ilikufa kwa kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu ilikuwa kweli tupu.

Jioni tulirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu. Akaanza kunisimulia: jinsi foleni inavyojipanga, jinsi mtu akiondoka waliobaki wanavyosogea, kitu anachotaka kutengeneza likizo hii, na kingine baada ya hicho. Kasuku wangu hakuvuta pumzi. Mara tatu nilikuwa na jambo zuri la kusema, zuri kweli. Nililimeza kila mara. Tulipofika mlangoni alikuwa hajamaliza, kwa hiyo nikaupita mlango kama sikuuona, tukazunguka mtaa tena.